Mume wa Ukungu

1

Langoni pa Mji wa Michezo wa Ihanga kila anayeingia huvishwa bangili, na Bi. Skolastika Mgaya aliikataa ya kwake kwa dakika nzima huku foleni ikimsubiri. Alikuwa amepima maziwa kiwandani Njombe kwa miaka thelathini na miwili kabla ya kustaafu, na kazi ile ilimfundisha kutopokea kitu chochote kabla ya kukinusa. Kwa hiyo aliinusa bangili. Akaigonga kwa ukucha, akaitazama tena upande wa ndani.

"Inafanya nini hii?"

"Inasikiliza, bibi," alisema msichana wa langoni. "Mtakayoongea leo, mtakavyocheka, hata mkigombana. Ikifika saa tisa alasiri, Mji unawaletea mgeni aliyetengenezwa na maneno yenu."

"Mgeni gani?"

"Hata sisi hatujui. Wengine huletewa sungura, wengine twiga mwenye miwani. Inategemea mmeongea nini."

"Basi wa kwetu atakuwa na mdomo mpana." Bibi akanyoosha mkono. "Haya, nivishe. Na huyu mume wangu mvishe vizuri, asije akapotea huko ndani akaoa mwingine."

Mume mwenyewe alikuwa na umri wa miaka mitano, na pua yake ilikuwa inachuruzika kwa baridi. Aliitwa Yeremia, jina la babu yake, aliyezikwa miaka miwili kabla yeye hajazaliwa. Kwa watu wa nyanda zile, mtoto akipewa jina la babu hapewi jina tupu. Anapewa na mke, ambaye ni bibi yake, pamoja na utani wote unaokwenda na ndoa hiyo. Bibi humdai kanga, humtishia talaka, na kumlaumu kwa makosa ambayo marehemu aliyafanya ujanani. Gaudensi, baba wa mtoto, alimwita mwanawe Baba, tena kwa heshima. Tekla, mama yake, asingeweza kulitamka jina la mkwewe hata kwa kumwita mtoto aliyemzaa mwenyewe, kwa hiyo alimwita Mzee. Mdogo wake Hosana, mwenye miaka mitatu, alifuata mkumbo akamwita Babu.

Yeremia aliyapokea yote hayo kwa uzito unaostahili. Siku hiyo, kama siku zote za safari, ni yeye aliyebeba mkoba wa Bibi. Aliukumbatia kwa mikono miwili kwa sababu akiushika mpini ulikuwa unaburuzika.

Ndani ya lango palikuwa na bango, na Gaudensi ni mtu wa kusoma mabango. Akawasomea wote, watake wasitake. Uwanda wa Ihanga hukaa na ukungu kuanzia Mei hadi Agosti. Zamani watu waliulaani, maana viazi viliozea shambani, magari yaligongana saa nne asubuhi, na wageni walikuja wakaondoka bila kuona hata mti. Kisha vijana wa huko huko wakajiuliza kama kitu kinachoweza kujaza bonde zima hakiwezi kufinyangwa. Wakafukia ardhini vipaza sauti vidogo, kila kimoja kama mbegu ya boga, maelfu kwa maelfu. Sauti yake sikio la mtu haliipati. Mbwa huisikia, ndiyo maana mbwa hawaruhusiwi. Lakini matone ya ukungu huitii sauti hiyo, yakanaswa, yakashikiliwa, yakasogezwa...

Hapo tembo akatoka, na Gaudensi hakumaliza bango.

Alitokea kwenye weupe uliokuwa nyuma ya vyoo, mrefu kuliko nyumba, na miguu yake haikutoa sauti hata kidogo. Mikunjo ya ngozi ilionekana. Kope zilionekana. Alifika njiani, akanyanyua mguu mmoja, akangoja watu wapite chini yake. Hosana alipita akiwa amefumba macho. Mkonga ukashuka, ukamgusa utosini, na alipofumbua macho nywele zake zilikuwa zimejaa vitone vya maji.

Bi. Skolastika alisahau kufunga mdomo. Alijisikia fahari, fahari kabisa, kwamba kitu kama kile kimetengenezwa na vijana ambao pengine walikuzwa na maziwa aliyoyapima yeye. Alitaka kumwambia mtu jambo hilo, lakini kila aliyekuwa karibu alikuwa anatazama juu.

"Mume wangu," alisema mwishowe, "tembo huyu ana adabu kuliko wewe."

"Ana pua kubwa kuliko mimi," alijibu Yeremia, akajifuta ya kwake kwa mkono wa sweta.

2

Kufikia saa sita walikuwa wamepanda kila kilichopandika. Walipanda bembea zilizowapitisha juu ya mawingu yaliyokuwa na mashamba, na katika mashamba hayo vijitu vidogo vya ukungu vilikuwa vinapalilia. Walipanda treni iliyozama ndani ya mto mweupe, ambamo samaki wakubwa kuliko ng'ombe walikuja kuchungulia madirishani. Tekla, ambaye kwa kawaida huhesabu watoto kila baada ya hatua kumi, alijisahau akawa anapungia samaki.

Treni ilipotoka mtoni, ng'ombe wa ukungu alivuka reli taratibu.

"Mume wangu, ng'ombe huyo!" Bibi alipiga kelele, na behewa zima likageuka. "Mbona hukimbii? Si wewe uliyepanda mti wa watu kule Ilembula, ng'ombe akakulinda mpaka jioni?"

"Sikumkimbia," Yeremia alisema kwa hasira ya mtu mzima. Kesi hiyo aliijua tangu alipojua kusema. "Nilikuwa nachuma matunda."

"Mti wenyewe mlingoti, mti wa nguzo! Mlingoti una matunda gani?"

Behewa likacheka. Mama mmoja wa kiti cha nyuma, asiyewajua kabisa, alimtetea mume: mwacheni mzee wa watu, huenda siku hiyo mlingoti ulizaa.

Walikula kwenye kibanda kilichokuwa na jiko katikati. Walikuwa wamebeba viazi vya kuchemsha, parachichi, nyama ya kukaanga na chupa mbili za chai, kwa sababu Bibi haamini chakula asichokiona kikipikwa. Hapo utani ukapamba moto. Yeremia alishtakiwa kwa kumchumbia binti wa watu kwa redio isiyo na betri. Alishtakiwa kwa kukoroma mpaka mabati yakalegea misumari. Alishtakiwa kwa kuchelewa harusi yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa fundi pampu, na njiani alikuta pampu ya kijiji imekwama, akasimama kuitengeneza na suti ya kuazima mwilini.

"Nilikuwa nasaidia watu," Yeremia alijitetea, mdomo umejaa kiazi.

"Padri alikuwa ameshavua mavazi! Gaudensi, waambie alivyosema alipofika."

Gaudensi alipenda sehemu hiyo. Akaweka kikombe chini, akakohoa mara mbili kama baba yake alivyokuwa akikohoa kabla ya kusema neno lolote, akayavuta maneno kama alivyokuwa akiyavuta. "Skolaaa... nimechelewa tena?"

Tekla alicheka akiwa amejifunika kanga usoni, maana mkwe hachekwi hadharani. Hosana alicheka kwa sababu wote walikuwa wanacheka. Bangili mikononi mwao zilikuwa zinawaka kijani, zinazima, zinawaka, na hakuna aliyezitazama.

3

Uwanja wa Wageni ulikuwa duara la nyasi fupi, lenye ukuta wa mawe unaofika kiunoni. Familia ziliitwa moja moja. Waliotangulia, watu wa Songea, waliletewa sungura mwenye tai aliyejua ni mtoto yupi kati yao hapendi kunawa miguu, na watoto wakashangilia mpaka mmoja akakaukiwa sauti. Yeremia alitaka simba. Hosana alimtaka sungura yule yule.

"Familia ya Mgaya," aliita fundi wa ukungu, dada mwenye koti la kijani lililoandikwa jina lake, Ombeni Sanga. Alitazama kibao alichokishika, akakunja uso, akakitazama tena.

Ukungu ulianza kujikusanya katikati ya uwanja. Vilitangulia viatu, buti za mpira. Likafuata koti refu, mfuko wa kulia umening'inia kwa uzito wa spana. Kisha kofia ya sufu, na chini ya kofia uso, mweupe wote, lakini ulikuwa uso wa Gaudensi aliyeongezewa miaka thelathini. Mtu yule akakohoa mara mbili.

"Skolaaa," alisema. "Nimechelewa tena?"

Bi. Skolastika alishika ukuta. Aliyekuwa akimwita hivyo alikuwa mmoja tu duniani, na alikuwa chini ya udongo kwa mwaka wa saba. Tekla, bila kufikiri, alijikuta amepiga magoti kwenye majani mabichi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Hawa wanakulisha vizuri?"

Gaudensi alikaa chini pale pale aliposimama.

Ombeni alikuja mbio, koti likipepea. "Shikamoo, bibi. Naomba msinielewe vibaya. Mimi ndiye niliyepaswa kulizuia hili, na sikuliona kwa sababu kibaoni kila kitu kilikuwa sawa." Alikuwa anahema. "Mashine haijui mtu aliye hai na asiye hai. Inajua kinachosemwa. Kutwa nzima imesikia mke akimsema mumewe, mwana akimwita Baba, mkwe akimwita Mzee, mjukuu akimwita Babu. Ikapekua, ikaona kuna mzee katika familia hii. Ikamtafuta mwenye bangili, haikumpata, maana bangili yenye jina hilo imevaliwa na mtoto wa miaka mitano. Ikadhani mzee wenu amepotea. Ikawaletea."

"Sauti je?" Bibi aliuliza.

"Kuna mtu alimwigiza mezani. Na uso umekisiwa kutoka kwa mwana na mjukuu." Ombeni alimtazama yule mtu wa ukungu, na pamoja na hofu yake hakuweza kuficha alivyovutiwa. "Niko hapa mwaka wa nne, bibi. Sijaona mgeni aliyejaa hivi. Wengine wana sentensi ishirini. Huyu ana ndoa nzima."

Akawaeleza sheria. Mgeni anayefanana na marehemu habaki bila neno la mtu wake wa karibu, na kwa mume, mwenye neno ni mjane. Bibi akisema abaki, atahifadhiwa. Kila watakapokuja watamkuta, na nyumbani watapewa chombo kidogo cha mezani kitakachomtoa, mfupi wa kufika magotini, lakini ni yeye. Akisema aende, Mji ukifungwa saa kumi na moja ataachiliwa, maneno yafutwe, na hawezi kutengenezwa tena akawa yule yule.

"Mama," Gaudensi alisema kutoka chini. "Abaki."

Bibi alimwelewa. Gaudensi alikuwa chuoni Mbeya baba yake alipozidiwa, na basi alilopanda liliharibika njiani. Alifika wakati watu wanakung'uta udongo kwenye majembe.

"Saa kumi na moja bado," alimjibu. "Tumkaribishe kwanza. Mgeni ni mgeni."

4

Na ilikuwa saa nzuri, asidanganye mtu. Mzee wa ukungu alitembea nao njia zote, mikono nyuma. Ng'ombe wa reli alipotokea alitimua mbio na buti zake, akapanda mlingoti wa ukungu ulioota papo hapo kwa ajili yake, akakaa juu akidai kwamba anachuma matunda. Watu wasiowajua walisimama kutazama, wakashika mbavu. Kwenye benchi alisinzia kidogo, na alipokoroma ukungu wote wa bustani ile ulitetemeka kwa mawimbi mpaka kule kwenye bembea. Hosana alitumbukiza mkono tumboni mwake, akautoa umelowa, akaulamba.

"Babu ana maji," alitangaza.

Mzee alimpa Bi. Skolastika mkono. Ulikuwa wa baridi na unyevu, kama nguo iliyoanuliwa kabla ya kukauka, lakini ulikuwa na vidole, na vidole vilimbana. Bibi alicheka siku hiyo kama ambavyo hakuwa amecheka kwa miaka saba. Alipima kila kitu, maana mpimaji hastaafu: mwendo, kikohozi, bega la kushoto lililoshuka kidogo kwa kubeba mabomba. Vyote vilipita. Watu waliotengeneza kitu hiki wana akili ya kutisha, aliwaza, na akawaombea kwa Mungu.

"Mume wangu, punguza maringo," alisema, na hakukuwa na utani wowote ndani ya sauti yake.

"Naam, mke wangu?" alijibu Yeremia mdogo kutoka nyuma, akiwa na mkoba kifuani.

Hakuna aliyemsikia. Gaudensi alikuwa anamuuliza mzee kuhusu pampu, Tekla alikuwa anamfuta Hosana, na Bibi alikuwa bado ameshika ule mkono wa maji. Yeremia alitembea hatua chache akingoja aitwe tena. Kisha akakaza mwendo, akawapita wote, akasimama mbele ya mzee wa ukungu.

"Shika," alisema. "Beba wewe."

Mzee akanyoosha mikono kwa ukarimu. Mkoba ulipita katikati ya mikono ile, ukaanguka, ukafunguka. Miwani, leso, dawa za presha na rozari vilitawanyika kwenye majani yaliyolowa. Na mzee akacheka, kwa sababu kila alichoumbwa nacho kilikuwa cha kuchekesha, na hakuwa na kitu kingine cha kufanya.

Yeremia hakulia. Alimtazama Bibi moja kwa moja.

"Basi mimi sasa ni nani?"

Bi. Skolastika aliinama kuokota dawa zake, na akachukua muda mrefu kuliko dawa zilivyohitaji. Aliona haya. Aliona haya kama mtu aliyekutwa jikoni kwa watu. Alipoinuka alimwita Gaudensi kando, karibu na bomba la maji.

"Ataenda," alisema.

"Mama, wewe mwenyewe umecheka. Nimekuona."

"Nimecheka mpaka mbavu zinauma. Na nikifika nyumbani nitacheka tena. Lakini, Gaudensi, huyu kila anachokisema nilikisema mimi. Ni masihara yangu yamevaa koti."

"Mimi sijali. Sauti ni yake." Gaudensi alikuwa na ndevu zenye mvi mbili tatu, lakini wakati huo alikuwa mtoto. "Kuna ubaya gani? Tumweke mezani, watoto wamjue babu yao."

"Wamjue nani? Mtu anayekimbia ng'ombe? Na baba yako hakuulizwa. Ungekuwa wewe umekufa, ungependa utani wa mkeo ndio ubaki unatembea badala yako?"

Gaudensi alitazama pembeni.

"Sikiliza, mwanangu. Unafikiri kwa nini wazee walituwekea utani huu? Mtu akiondoka anaacha nafasi, na nafasi hiyo ukiiacha wazi inakula watu. Kwa hiyo tunamkalisha mtoto, tunamwita mume, tunacheka, siku zinakwenda. Mimi nimevuka miaka hii kwa sababu ya yule mwenye kamasi. Leo nimemnyanyua alipokaa, na ameniuliza yeye ni nani. Sina jibu la kumpa huku namshika huyu mkono."

"Nami je?" Gaudensi aliuliza kwa sauti ya chini. "Sikumuaga."

"Hiyo ni haki yako," Bibi alisema. "Kamuage."

Walirudi. Ombeni alikuwa amesimama na kibao chake, na saa ya mnarani ilionyesha saa kumi na moja kasoro robo. Bi. Skolastika hakutaka kutoa neno kabla ya kumuuliza mwenyewe, maana hata mgeni wa ukungu haondoshwi kama mbuzi aliyeingia shambani.

"Yeremia," alimwambia, "wewe unataka kubaki au kwenda?"

Mzee alikohoa mara mbili. "Mimi, Skolaaa? Nataka unachotaka wewe."

Bibi alitabasamu. Katika miaka thelathini na mitano ya ndoa, Yeremia Mgaya hakuwahi hata mara moja kutaka anachotaka mkewe kabla hawajagombana kwanza. Yangekuwa maziwa, hapo ndipo angeyarudisha.

"Mwanangu," alimgeukia Ombeni, "nimepima vitu maisha yangu yote. Kilichofika karibu na ukweli kiasi hiki sijakiona. Waambie wenzako bibi wa Njombe amesema mikono yenu ibarikiwe. Na sasa aende."

Ombeni aliinamisha kichwa. Gaudensi alisogea mbele, akavua kofia.

"Baba. Kwaheri. Siku ile nilichelewa."

Mtu wa ukungu alimtazama. "Usijali," alisema, akiyavuta maneno. "Kuchelewa ni kwa ukoo."

Gaudensi aliangua kicheko, na ndani ya kicheko hicho akalia, mabega yakitikisika, na Tekla akaja akamshika. Ombeni hakuzima mashine kwa mara moja. Aliishusha sauti kidogo kidogo, kwa kidole kimoja, kwa heshima ya mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Zikaenda buti, likaenda koti. Kofia ilibaki kitambo kidogo hewani, kisha ikawa ukungu wa kawaida wa Ihanga, na Hosana akaupungia mkono.

5

Njia ya kwenda kwenye maegesho ilikuwa ya kokoto. Tekla alimbeba Hosana aliyekuwa ameshasinzia. Gaudensi alitangulia na funguo za gari. Bibi na Yeremia walikuja nyuma, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Bibi hakuwa na la kumshtaki. Alimshika mkono tu. Ulikuwa mdogo, wa moto, na unanata parachichi.

"Bibi," Yeremia alisema. Hakumwita mke. "Babu wa kweli alikuwaje?"

Bi. Skolastika alifungua mdomo, na kukoroma na mabati vilikuwa tayari kwenye ulimi. Akavirudisha. Alishangaa kugundua kwamba nyuma ya masihara hayo hakukuwa na maneno yaliyozoea kutoka. Miaka saba alikuwa amemwongelea mtu huyu kila siku, na hili hajawahi kulisema.

"Kabla ya baba yako tulizaa mtoto mwingine," alisema. "Msichana. Aliishi wiki saba."

Mbele yao Gaudensi alisimama. Hakugeuka, lakini funguo ziliacha kulia mkononi mwake.

"Baada yake nilishindwa kuingia jikoni. Nilikuwa nafika mlangoni, miguu inakataa. Babu yako akawa anapika yeye. Anatoka kwenye pampu, ananawa, anakomea mlango watu wasimwone, anapika. Miaka miwili. Wageni wakija anawaambia, karibuni, Skola kapika."

Yeremia alilipima jambo hilo huku wakitembea. "Alikuwa anajua kupika?"

"Hakujua kabisa. Ugali wake ulikuwa mbichi katikati, kila siku ya Mungu."

"Ukawa unaumwaga?"

"Hapana," Bibi alisema. "Niliula wote."